Triton ya 1989: wiki ya nne, ukingo bado unagoma

Tunaunda picha ya rangi ya Triton, mwezi wa Neptuni. Fremu ni zile ambazo chombo cha anga Voyager 2 kilipiga Agosti 1989 kwa kamera ya pembe nyembamba. Tumeachana na faili ghafi, tunatumia toleo la GEOMED: mpindo wa kamera umeshanyooshwa, na picha ina pikseli 1000 kwa 1000 badala ya 800 kwa 800. Kila moja ni MB 2 hivi, kwa hiyo bando la usiku hapa Kampala linashusha mia bila shida.

Kabla ya kufungua, soma lebo, yaani maelezo yaliyo mwanzoni mwa faili. LBLSIZE inaonyesha data inaanzia wapi, INTFMT inaonyesha mpangilio wa baiti. Ukigeuza mpangilio huo, Triton inakuwa mchanga mtupu.

Kazi nzito ni kulinganisha vichujio: kila fremu ilipigwa kupitia kichujio cha rangi moja, na rangi kamili hupatikana kwa kuzipanga fremu hizo juu ya nyingine kama tabaka. Kwa umbali wa kilomita 500,000, pikseli moja ni kama kilomita 4, na Triton (kipenyo kilomita 2,707) inachukua pikseli karibu 690. Chombo kikisogea kilomita 5,000 kati ya fremu mbili, duara linakua asilimia 1, yaani pikseli 7. Kusogeza tabaka tu kwenye GIMP (programu ya kuhariri picha) hakutoshi. Utabaki na pindo jekundu upande mmoja na la buluu upande wa pili. Tunaweka nukta 20 au zaidi kwenye ukingo wenye jua (kamwe si kwenye mpaka wa usiku), tunakokotoa duara, kisha tunabadili ukubwa. Ukingo ukikubali lakini madoa ya katikati yakakataa, mtazamo umegeuka: hapo lazima kila fremu itandazwe kwenye ramani kwanza.

Hifadhi kila chaneli (tabaka la rangi moja) kama faili ya picha ya TIFF ya biti 16 inapokamilika. Umeme haubishi hodi ukiondoka.

Rangi: kamera hii haina kichujio chekundu, hivyo chungwa hukalia nafasi hiyo. Usibonyeze kusawazisha kiotomatiki kwa kila chaneli. Uwaridi hafifu wa Triton utafutika na utabaki na mpira wa kijivu.

Kilichotukwamisha ni vitone vyeusi vya kamera, alama za kupimia mpindo zinazotokea kwenye kila fremu ghafi, 202 kwa jumla. GEOMED imevifuta kwa kukisia kutoka pikseli za jirani. Penye uwanda laini huoni kitu, ila kimoja kimeangukia kwenye ukingo wa Triton katika fremu ya kichujio cha zambarau na kuacha pengo kama kung'atwa na panya. Vitone havihami kwenye kamera, Triton ndiyo inayohama kwenye fremu, kwa hiyo tunakata kiraka kutoka fremu nyingine ya zambarau. Mwangaza wa kiraka bado umezidi kidogo.