Mafua yasiyokatika kwa mtoto: hesabu siku kwanza

Mzazi anaposema mtoto ana mafua miezi mitatu mfululizo, swali la kwanza ni hili: katikati hapo hakupata hata siku tatu nne za pua kavu? Kama alizipata, si mafua yaleyale. Ni mapya, yamemkuta kikohozi cha yale ya kwanza hakijaisha. Virusi vya mafua ni zaidi ya 200, na kinga ya kimoja haizuii kingine. Kwa hiyo mtoto mdogo kuugua mara 6 hadi 8 kwa mwaka ni kawaida, na anayeanza chekechea huzidi hapo. Kila mara pua humtoka siku 7 hadi 10, kikohozi hata wiki 3. Piga hesabu uone siku ngapi za mwaka zinabaki!

Rangi ya kamasi ndiyo hudanganya wengi. Huanza kama maji, siku ya tatu hivi likawa zito la njano au kijani, kisha likarudi jepesi. Kijani hicho peke yake si sababu ya kununua antibayotiki. Cha kutilia shaka ni siku 10 kupita bila nafuu yoyote, au nafuu kuja halafu homa ikarudi upya.

Mengine si mafua kabisa. Chafya mfululizo, macho kuwasha, hakuna homa, na mtoto anasugua pua kwa kiganja kuelekea juu: huo mara nyingi ni mzio. Anayekoroma kila usiku na kulala mdomo wazi achunguzwe vinyama vya nyuma ya pua. Kamasi la tundu moja tu, tena linanuka? Huenda kuna punje au shanga ndani. Usiichokoe, utaisukuma mbali zaidi, mpeleke ikatolewe.

Pua ikiziba, changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi na robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Tia matone 2 au 3 kila tundu, ngoja dakika moja, ndipo uvute kwa pampu ya mpira. Ibonyeze pampu kabla ya kuiingiza. Ukiibonyeza ikiwa puani unarudisha kamasi ndani. Asali hutuliza kikohozi, ila si kwa aliye chini ya mwaka 1.

Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake dakika nzima. Zikifika 60 kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, au kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.