Udi wa Kijapani na mshumaa mmoja, jioni imekamilika

Jamani, kama bado mnachoma ule udi wenye kijiti cha mwanzi katikati, moshi unajaa chumba kizima mpaka macho yanawasha, jaribuni wa Kijapani, wenyewe wanauita senko. Hauna kijiti ndani kabisa, ni unga wa miti na viungo unakandwa na unga wa gome la mti unaitwa tabu, hilo ndo linaloshikisha, unatolewa kama tambi halafu unakaushwa, kwa hiyo unachosikia ni harufu yenyewe na moshi ni kidogo sana.

Mwingi unatoka kisiwa cha Awaji, kama asilimia 70 ya udi wote wa Japani. Na kitabu chao cha zamani, Nihon Shoki, kinasema mwaka 595 gogo lilitupwa na bahari hapo hapo Awaji, watu wakalitia motoni kama kuni za kawaida, harufu ikawashangaza wakampelekea malkia Suiko. Sasa sisi tuliolelewa na chetezo nyumbani, hilo gogo ni udi huu huu tunaoujua! Hata karafuu wanachanganya, ndo maana nilivyousikia mara ya kwanza nikajihisi kwa bibi.

Ila kilichoniteka zaidi ni mishumaa yao, warosoku. Nta yake inakamuliwa kwenye matunda ya mti wa haze, utambi ni karatasi ya washi imezungushiwa moyo wa nyasi ile ya kufumia mikeka ya tatami, na ndani uko wazi, hewa inapanda, basi moto unasimama mrefu na unacheza hata kama hakuna upepo, na masizi ni machache mno. Kule mji wa Uchiko, Japani, mafundi bado wanapaka nta kwa kiganja, tabaka juu ya tabaka. Bei imechangamka kweli, lakini mimi naona inastahili kabisa.

Nikitoka kazini nazima taa, simu naiacha chumba kingine, nafungua dirisha kidogo, nawasha mshumaa, kijiti cha udi nakichomeka kwenye bakuli la majivu. Kimoja kinaenda karibu nusu saa na hiyo nusu saa ni yangu, simjibu mtu.

Mnaoanza nunueni wa sandali kwanza, unaandikwa byakudan, kyara, ule udi wa daraja la juu kabisa, bei yake haishikiki. Moto wa kijiti cha udi uzimeni kwa kupepea na mkono, msipulize, na utambi wa mshumaa ukirefuka punguzeni kwa mkasi.