Figo ikiwa njiani

Swali lile aliuliza mama. Mimi nisingelifikiria.

Ilikuwa 2018, mdogo wangu akichujwa damu mara tatu kwa wiki hapa Moshi, saa nne nzima kwenye mashine. Muhimbili walikuwa wameanza kupandikiza figo Novemba 2017, na vipimo vilionyesha kwamba yangu inamfaa. Tulikaa kando ya kitanda chake, mama na mimi, daktari akatueleza habari za upasuaji, za kutia saini, za kupona. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akakaza khanga yake, akasema:

"Baba, hiyo figo ikishatoka kwa huyu na bado haijaingia kwa yule, hapo katikati inakula nini?"

Nikawahi kujibu: inawekwa kwenye barafu. Nauza perege wa Nyumba ya Mungu sokoni Mbuyuni, barafu naijua. Daktari akatikisa kichwa. "Barafu peke yake haitoshi, dada." Akageuza karatasi ya vipimo, akachora seli.

Ndani ya seli, alisema, potasiamu ni nyingi. Sodiamu inasukumwa nje na pampu ndogondogo zisizopumzika, na pampu hizo zinakula nguvu. Ukiipoza figo hadi nyuzi 4, mahitaji yake yanashuka hadi karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo inavumilia njaa. Ila kwenye baridi hiyo pampu nazo zinasimama. Sodiamu inaingia, maji yanaifuata, seli inavimba.

"Kama maharage uliyoloweka," mama akasema.

"Hivyo hivyo, mama."

Ndiyo maana figo husafishwa kwanza kwa maji maalumu. Mwaka 1969, huko Los Angeles, Collins na wenzake walitengeneza maji yenye potasiamu nyingi, yanayofanana na yaliyomo ndani ya seli, wakatunza figo za mbwa saa 30 kwenye barafu bila mashine yoyote. Baadaye Belzer na Southard wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakatia laktobionati na rafinosi, vitu vikubwa visivyopenya kwenye seli, ili yale maji yabaki nje. Wakaongeza adenosini, ambayo seli huitumia kujenga upya nguvu zake damu ikirudi. Nilimwangalia mama, hicho ndicho chakula alichokuwa anakiulizia.

Mimi nilikwama kwenye potasiamu. Kwa sababu yake mdogo wangu alikuwa amekatazwa ndizi. Mtu wa Kibosho, kukatazwa mtori! Maparachichi yalikuwa yanadondoka uani yakiozea chini, naye anayatazama. Sasa kumbe potasiamu hiyo hiyo ndiyo ingeilinda figo njiani. Daktari hakunipuuza. Alisema mahali pake ni ndani ya seli. Ikizidi kwenye damu inaweza kuusimamisha moyo. Wapo pia waliokwenda njia nyingine, kama Bretschneider wa Ujerumani, ambaye maji yake yana potasiamu kidogo tu. Kisha akatueleza utafiti wa Ulaya uliotoka 2009: kwa kila marehemu kati ya 336, figo moja iliwekwa kwenye barafu, ya pili kwenye mashine inayopitisha maji baridi ndani yake muda wote. Zile za mashine zilichelewa kuanza kazi baada ya kupandikizwa mara chache kuliko zile za barafu.

Nilipenda kwamba kuna watu wameumiza vichwa miaka yote hiyo kwa ajili ya saa ambazo kiungo hakina mwenyewe. Hadi leo nikijaza deli langu alfajiri nawafikiria.

"Kwenu ni rahisi zaidi," daktari akamalizia. "Mtoaji ni ndugu aliye hai, vyumba viwili vinapakana."

"Basi haitakaa na njaa," mama akasema. Akaiomba ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga.

Siku ya upasuaji, nilipozinduka, nilimuuliza muuguzi: muda gani? Akaniambia ni saa kumi jioni. Sikuwa na nguvu ya kumsahihisha. Mama aliyekuwa miguuni pangu ndiye aliyeelewa; alikuwa ameshamuuliza daktari mlangoni.

"Haikufika saa moja, mwanangu," akasema. "Na imeshaanza kutoa mkojo."