Barabara ilichimbwa lakini wateja tulibaki nao, hivi ndo tulifanya

Naandika hii kwa yeyote aliyeona greda limepaki mbele ya duka lake na ameshaanza kuwaza kufunga. Kwetu palichimbwa mtaa mzima, upande huu mtaro upande ule kifusi, na sababu mi ndo nina mdomo kuliko wenzangu wakanisukuma niwasemee kwa mkandarasi.

Kitu cha kwanza nilianza kuwapigia simu wateja wa siku zote, karibu kila mtu ananiambia "kwani mpo? mi nimeona kibao barabara imefungwa nikajua ndo basi tena". Yaani hawakuhama, walidhani sisi ndo tumefunga! Kile kibao kilikuwa kinatuumiza kuliko hata mtaro wenyewe. Tukaomba ruhusa tuongeze bango letu chini yake, MADUKA YAKO WAZI, INGILIA HUKU, na mshale, herufi kubwa mtu azisome akiwa bado kwenye mwendo. Na bango unaliweka kabla ya mchepuko, pale dereva bado anaweza kukata kona, maana ukiliweka mlangoni kwako anayelisoma ni yule ambaye ameshafika, sa litamsaidia nini.

Halafu ratiba. Ofisini kwa mkandarasi tulipewa ya mradi mzima imepangwa kwa miezi, kwa muuza duka haina kazi. Anayejua kesho kijiko kinachimba wapi ni foromani, yule anayesimamia mafundi pale saiti, huyo ndo wa kuzoeana naye. Jioni kabla hawajafunga saiti namuuliza, narusha kwenye grupu la WhatsApp la wenye maduka, na wote tunaweka stetasi kwa maneno yaleyale: "Kesho upande wa kushoto umefungwa, gari acha nyuma ya jengo, kwa miguu pita kwenye mbao." Maneno yawe mamoja kabisa, maana huyu akisema kushoto na yule akisema kulia mteja anaghairi tu anaenda kwingine.

Palipotaka akili ni kwenye kalvati, vile vidaraja vya zege juu ya mtaro vya kuingilia madukani. Zege hata ukiliona limekauka huwezi kupitisha gari hapo hapo, mafundi wanalipima nguvu yake kwa siku 28, japo sehemu kubwa ya nguvu hiyo inapatikana wiki ya kwanza. Sasa wakimwaga mlango mzima kwa mkupuo umefungiwa kwa siku kadhaa na biashara yako ndani. Tukawaomba wamwage nusu nusu, nusu moja ikikomaa ndo wahamie nyingine. Foromani aliguna kidogo sababu kazi inachelewa lakini akakubali, na kwa waenda kwa miguu wakalaza mbao pana zenye kishikio upande mmoja, maana ubao mmoja mwembamba unaocheza cheza mtu mzima hapiti, anakuangalia tu toka ng'ambo anakupungia mkono.

Vumbi nalo, ulizieni mkataba wa mkandarasi unasemaje. Mara nyingi kumwagia maji barabara ni sehemu ya kazi yake wala sio hisani. Boza likikosekana piga picha, andika saa, mtumie mhandisi msimamizi kwa maandishi. Kelele za mdomo zinaishia palepale saiti.

Kuna wenzangu walikimbilia kushusha bei, kiukweli mi siungi mkono. Aliyeshindwa kuvuka mtaro haji kwa sababu ya punguzo, unaishia kumkatia bei yule ambaye angekuja tu. Bora hiyo hela mchange mlipe kijana wa pikipiki apeleke oda za maduka yote, sisi tulifanya hivyo na ambao hawataki kutumiwa tukawawekea meza pale kona ambapo gari inafika, anapiga simu akiwa njiani anakuta mzigo uko tayari. Na kwenye Google Maps hakikisha picha na maelezo yanaonyesha mlango unaotumika kwa sasa, kuna watu wetu ramani ilikuwa inawapeleka moja kwa moja kwenye kifusi.

Lami ilipokamilika mabango hatukuyang'oa siku hiyo, tulibadilisha maandishi tu kuwa njia imefunguliwa, na tukawatumia wateja wote picha ya barabara ikiwa wazi, sababu dereva akishazoea kuzunguka ataendelea kuzunguka mpaka mtu amwambie.