Nilivyopunguza mzigo wa kichwa kwenye pikipiki

Kazi yangu ni ugani, na njia yangu ni ile inayochepuka Uyole, Mbeya, kwenda Tukuyu. Aliyeipita anaijua: Igawilo watu na bajaji, kisha mlima, kisha Isyonje, ambako ukungu unaweza kukukuta saa nne asubuhi ukadhani hakujakucha. Malori ya Malawi nayo hupita humo humo, kwenda na kurudi mpaka wa Kasumulu.

Miezi ya mwanzo nilikuwa nafika nimechoka kuliko mkulima niliyemfuata shambani. Mwili mzima, kichwa ndiyo hoi. Baridi ilichangia, lakini kikubwa kilikuwa hesabu nyingi kwa mpigo: klachi, gia, breki ya mkono, breki ya mguu, shimo, lori la mbele, bajaji inayotaka kukata kona bila kuwasha taa. Hapo bado ada ya mtoto na ripoti ya mwezi. Ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde. Ukiwaza ada kwa sekunde tatu, mita 50 za lami zimepita hujaziona.

Nilianza na gia, kwa sababu hizo mtu anaweza kuzitoa kichwani kabisa. Jumapili jioni nilikuwa nakwenda uwanja wa mpira: kuondoka, kusimama ghafla, kushusha gia, kukata kona ya mwendo mdogo, tena na tena, watoto wakinicheka. Mkono na mguu vikazoea kufanya bila kuniuliza, na nafasi iliyobaki nikaipa barabara.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kusema ninachokiona. Uingereza madereva wa polisi hufundishwa hivyo, na nadhani mlima wetu unaihitaji zaidi. “Lori linashuka. Mama na ndoo kushoto. Lami imelowa.” Mdomo ukiwa na kazi hiyo, mawazo ya nyumbani hayapati pa kupenya. Siku moja nimembeba mama mmoja wa Kiwira, akaniuliza, “Mwanangu, unaongea na nani?” Nikamwambia, “Na barabara, mama.” Alinyamaza hadi tulipofika. Sijui alinielewa au aliniogopa.

Mashimo yana somo lake. Pikipiki hufuata macho: ukilikodolea shimo, utaingia humo humo. Siku hizi nikishaliona natazama pale ninapotaka tairi lipite, basi.

Simu inakaa ndani ya koti, imezimwa sauti. Mama watoto anajua nikiondoka Uyole asinipigie, atasubiri ujumbe wa “nimefika”. Mwezi wa sita na wa saba nanunua glavu nzito hata kama fedha ni ya mawazo, maana vidole vikifa ganzi akili yote inahamia huko. Ukungu ukizidi nasimama, naegesha mbali na lami, nanywa chai ya tangawizi. Wapo wanaoniona mwoga.

Jioni ya kurudi ndiyo ngumu, kwa kuwa kichwa kimeshatumika mchana kutwa. Ripoti naimaliza huko huko kabla ya kupiga stata, hata kama jua linazama. Nikiibeba kichwani nitaiandika njiani.

Nisichokipatia dawa ni abiria msimuliaji. Anakuletea kesi ya shamba la ndugu zake sikioni kuanzia Tukuyu, na kila baada ya kona anataka useme, “Ehee.”