Ujira wa Mama Anayetufulia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili sikuwa na amani. Jumanne asubuhi nawahi daladala hapa Tabata, mama anayetufulia akanisimamisha getini. "Dada, samahani, ile hela yangu." Wiki ya tatu hiyo. Nikamjibu kwa ukali, majirani wanasikia, kwamba ananidhalilisha, mbona nilishamwambia asubiri. Akasema, "Haya, dada," akaondoka.

Jioni ile ile nikatuma elfu hamsini kumalizia ahadi yangu ya mchango wa harusi. Kwenye kundi wakaniandikia Mungu akubariki, nami nikaitikia amina.

Usiku nilipopiga magoti, Yakobo 5:4 ikanikaa kooni. Ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kumbukumbu la Torati 24:15 nayo inataka kibarua alipwe siku ile ile, kabla jua halijachwa, maana ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo. Somo hilo nimelifundisha mwenyewe kwenye jumuiya.

Tukisikia habari ya kutotumia nguvu, tunamkumbuka Petro bustanini, Bwana akimwambia aurudishe upanga alani. Tunaona hatuhusiki, hatuna upanga. Lakini mtoto akilala njaa kwa sababu hela ya mama yake imo kwenye simu yangu, nani amemuumiza? Na ule ukali wa getini, mbele za watu, kwa mtu asiyeweza kunijibu, tuuite nini?

Wapendwa, niseme wazi. Sisi tunaowahi ibada ya kwanza ndio tunaodaiwa na dada wa kazi, na mlinzi, na kijana anayebeba takataka, na mama wa genge. Usimwambie "mwisho wa mwezi" mtu anayenunua unga wa kupima. Kama hela ipo, mlipe leo, kabla hujala. Kama haipo, mwambie kwa upole, umtazame usoni, na siku uliyomtajia uitunze.

Naifikiria ile Yohana 13. Bwana alijifunga kitambaa, akatia maji katika beseni, akaosha miguu ya watu waliokuwa na mikono yao. Mama huyu huinama kwenye beseni tangu asubuhi, anafua mashuka yangu, anafua na nguo ninazovaa kwenda kanisani. Paulo naye alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Priskila, hakuona haya. Haya nilikuwa nayo mimi, ya kuonekana nadaiwa na mfuaji.

Kuhusu kuridhika na chakula na nguo, 1 Timotheo 6:8 tunaijua wote. Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere alijipunguzia mshahara kwa asilimia 20, naye ni Rais. Mimi niliogopa kupunguza ahadi ya harusi, watu wasije wakasema.

Alhamisi nilimfuata kwake, huku bondeni upande wa Msimbazi. Nilimkuta anafua nguo za watu wengine. Nikampa hela yake yote, akaihesabu, akaifunga kwenye pindo la kanga. Samahani niliyoipanga njia nzima niliitamka kwa sauti ndogo, tukiwa wawili tu.

Ukali niliutoa getini, watu wakisikia. Jumamosi anakuja kufua. Niombeeni, wapendwa, niiseme samahani ile pale pale getini.