Mabati ya Mwalimu

Baba yetu alikuwa mtu wa kuhesabu misumari. Simsemi vibaya, kila mtu hapa kwetu Maragoli, karibu na Mudete, magharibi ya Kenya, analijua hilo, na alipokuwa hai alijivunia mwenyewe. Nyumba aliiezeka mwaka 2003 kwa bonasi ya chai. Siku hiyo alisimama chini ya ngazi na mkebe mkononi, akimgawia fundi misumari mmoja mmoja kama komunyo. Msumari wa bati hupigiliwa juu ya mgongo wa bati, si kwenye bonde lake, ili maji yasipenye. Fundi alitaka kuruka mgongo mmoja. Baba akaamuru aruke mitatu. Kilichookolewa kikaingia kwenye vioo vya sebuleni.

"Maragoli hakuna upepo," alisema, na fundi hakubishana na mwalimu.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mwaka 2018, baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki na mimi nilikuwa nimetoka Nakuru kuja kusherehekea na mama. Asubuhi jua lilikuwa kali la kuchoma. Wenyeji wa huku wanaijua hiyo dalili: hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria inapanda mchana kutwa, inakutana na upepo wa mashariki kule kwenye mteremko wa Nandi, na jioni tunalipia. Nandi na Kericho ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Sisi tunaokaa chini ya huo mteremko hupata makombo, na makombo yenyewe si haba.

Saa tisa mbingu ilikuwa nyeusi, na ukingoni ilikuwa na ukijani ambao sikuupenda. Mama aliingiza nguo, akafunga ndama, akarudi kuketi na kuendelea kuchambua maharagwe. Mawe yalipoanza kugonga bati hatukuweza tena kusikilizana. Mama alikuwa anasema kitu, midomo inacheza, na mimi naitikia kwa kichwa bila kujua naitikia nini. Baadaye aliniambia alikuwa ananituma nikafunge mlango wa varanda.

Watu husema paa lilipeperushwa. Letu halikupeperuka hivyo tu. Liliinuka kwanza. Nililiona kwa macho yangu: pale ukuta unapokutana na paa, upande wa varanda, ukatokea mstari wa mwanga, mwembamba, kutoka kona hadi kona. Vumbi la miaka kumi na mitano likamwagika. Kisha paa likakaa tena mahali pake kwa kishindo, mwanga ukafungika, na mama akanitazama. Mara ya pili lilipoinuka halikurudi. Nusu nzima ya mbele iliondoka na mbao zake, ikapita juu ya mti wa parachichi, na mawe yakaanza kutuangukia sebuleni.

Tulikimbilia jikoni. Jiko la mama ni kibanda cha mviringo nyuma ya nyumba, kimeezekwa kwa nyasi, na sisi watoto tulikuwa tumemsumbua kwa muda mrefu akivunje ajengewe la kisasa. Paa lake lina mteremko mkali na limeshuka karibu kugusa ardhi, kwa hiyo upepo haukupata pa kulishika. Humo ndimo tulimolala usiku ule, sisi, kuku, na senje yangu, yaani shangazi, ambaye nyumba yake pia ilikuwa imeachwa wazi. Mama hakulia. Alilalamika juu ya vitambaa vya makochi, vile vyeupe alivyovidarizi mwenyewe, kwamba vimelowa maji ya silingi yenye kinyesi cha popo.

Jumapili hakuna aliyevaa nguo za Pasaka. Chai ilikuwa imechunwa majani yote, vimebaki vijiti. Hiyo maana yake ni wiki nyingi bila kuchuma, na bonasi ya mwisho wa mwaka kupungua. Mahindi yalichanika kama matambara, lakini mama alikataa kupanda upya. Yalikuwa bado chini ya goti, akasema, na mahindi ya umri huo moyo wake ungali chini ya udongo. Yalichipua kweli. Naibu wa mkubwa fulani alipita na daftari akaandika majina na hasara. Tuliandikwa vizuri sana, na daftari likaenda zake.

Kilichonibaki kichwani hasa ni mabati. Tangu alfajiri watu walikuwa wanayaleta kutoka kila upande, wameyabeba vichwani wawili wawili, watoto wakiburuta vipande. Mengine yalitolewa mashambani, mengine mtoni, moja lilikutwa limekumbatia mkaratusi kiasi kwamba ilibidi likatwe. Yote yakalazwa uwanjani mbele ya kanisa, na familia zilizoezuliwa zikaanza kutafuta zao. Mzee mmoja akatania kwamba bila shaka kuna mtu aliwanyima kuku wale waganga wa mvua wa ukoo wa Nganyi kule Bunyore. Kijana akamjibu kwamba siku hizi Wanganyi wanakaa meza moja na maofisa wa idara ya hali ya hewa kulinganisha utabiri, kwa hiyo kuku ingebidi wawe wawili. Tulicheka. Tulihitaji kucheka.

Bati kwa mtazamo wa haraka ni bati. Ukiliangalia kwa karibu, kila moja lina historia: rangi iliyobabuka, kutu ya upande uliotazama mvua, masizi ya jikoni, lami iliyozibiwa tundu. Kila mama alikuwa anayageuza yake kwa mguu na kuyajua. Ugomvi ukaja kwenye mabati manne mazuri, hayana mkunjo, ambayo mama alisema ni yake na jirani wa bondeni akasema ni ya ghala lake.

"Mama Mwalimu, haya nimeyanunua mwenyewe Chavakali."

"Ulinunua lini, dada yangu, wakati haya nimelala chini yake tangu watoto wakiwa shule?"

"Basi yana jina lako?"

Mama hakuwa na jibu. Mimi niliona aibu, nikamnong'oneza ayaache, tutanunua mengine. Alinitazama kwa jicho ambalo lilinirudisha darasa la tatu.

Fundi ndiye aliyemaliza kesi. Alikuwa kijana mtulivu, alikuwa ameshapita nyumbani kwetu kukagua. Aliinua bati moja likasimama wima, akapitisha kidole kwenye matundu ya misumari: tundu, mgongo mtupu, mtupu, mtupu, tundu. Akainua la pili. Vilevile. Akamuuliza jirani, kwa heshima, "Mama, ni nani mwingine hapa aliyepigilia hivi?"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Hata jirani alicheka, ingawa alikuwa ameudhika. Mwalimu, miaka minne kaburini, alikuwa ametia sahihi mabati yake kwa ubahili.

Jioni fundi alitupa na habari nyingine. Nilidhani misumari michache ndiyo iliyotuponza, na kwa yale mabati yaliyong'oka mojamoja nyuma, ndivyo. Lakini nusu ya mbele iliruka ikiwa kitu kimoja, mabati yakiwa yameshikilia mbao zake sawasawa. Alinionyesha boriti iliyolazwa juu ya ukuta: ilikuwa imekaa tu pale juu ya matofali. Haikufungwa na kitu. Kenchi nazo, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zilishikwa na boriti kwa msumari mmoja mmoja wa kawaida, na hiyo misumari ilichomoka imenyooka, haikupinda hata kidogo. Upepo uliingia varandani ambako kuko wazi mbele, ukakosa pa kutokea, ukasukuma kwenda juu. Juu nako upepo unaopita kasi hunyonya. Varanda na nyumba vilikuwa vimeezekwa kwa paa moja, kwa hiyo varanda ilipoondoka ilivuta na sebule.

"Bati halikuwa na kosa, mama," alisema. "Ukuta ndio haukulishika."

Kwenye kundi letu la familia la WhatsApp ndugu zangu walikuwa wameshaanza kutuma michango, na pamoja na michango, hisia. Dada yangu aliye Mombasa aliandika kwamba mabati ya baba lazima yarudi juu ya nyumba ya baba. Kaka akaunga mkono, akaongeza picha ya baba amesimama mbele ya nyumba siku ya kuhamia. Mimi mwenyewe, nakiri, nililengwalengwa na machozi. Nikamsomea mama.

Mama alikuwa anasugua vitambaa vyake kwenye karai. Hakuinua kichwa. "Waambie nataka mapya. Mazito, geji 30, si haya ya 32. Na fundi apigilie mgongo hadi mgongo."

"Na haya ya baba, mama? Uliyagombania asubuhi nzima."

"Nigombanie au nisigombanie, ni yangu. Haya ni ya ng'ombe."

Ndivyo ilivyokuwa. Fundi alifunga boriti kwa ukanda wa chuma ulioshuka ndani ya ukuta safu kadhaa za matofali, akafunga na kila kenchi kwa boriti. Paa likawa la migongo minne, kwa sababu upepo hauoni ukuta wa pembetatu wa kusukuma. Varanda ikapewa paa lake dogo, peke yake, ili siku nyingine ikitaka kwenda iende bila kuaga wenzake. Misumari alitumia ile iliyosokotwa yenye mpira chini ya kofia, na mama alisimama chini ya ngazi, mahali pa baba, akihakikisha hakuna mgongo unaorukwa. Mkebe ulipoisha aliagiza mwingine kutoka hadiwea bila kuuliza bei. Nadhani huo ndio ulikuwa mjadala wa mwisho wa ndoa yao, na alishinda.

Ng'ombe alipata banda zuri kuliko nyumba ya senje. Yakabaki mabati mawili, kati ya yale manne. Mama akaniambia niyapeleke bondeni kwa yule jirani.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ni ya Mwalimu."

Jirani aliyapokea mlangoni, akalisimamisha moja dhidi ya ukuta wa ghala lake, akayatazama matundu yale machache, akatikisa kichwa.

"Mwambie mama asante," akasema. "Misumari nitaongeza mwenyewe."